Michezo ya Kale ya Video: Je, Ya Kale ni Dhahabu?

Katika mwezi wa Oktoba, 1958, wageni waliofika kuitembelea Maabara ya Taifa ya Brookhaven, katika jimbo la New York nchini Marekani, walikuta jambo wasilolitarajia. Maabara hiyo ya uchunguzi wa atomu ilikuwa na desturi ya kufungua milango yake ili raia wajionee kazi za wanasayansi. Kwa kawaida mgeni alipita mbele ya picha na mitambo iliyotulia tuli, akatazama, akaenda zake. Safari hii palikuwa na kioo kidogo cha mviringo, chenye upana wa inchi 5 hivi. Ndani yake nukta ya nuru iliruka juu ya mstari mfupi uliosimama mfano wa wavu, ikadunda na kurudi. Wageni wawili walishika visanduku vyenye kitufe cha kubonyeza na kifundo cha kuzungusha, wakaanza kucheza tenisi. Nyuma yao foleni ilirefuka.

Aliyeubuni mchezo huo ni mwanafizikia William Higinbotham, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa miongoni mwa wataalamu wa elektroniki waliotengeneza bomu la kwanza la atomu. Kitabu cha maelekezo cha kompyuta yake kilieleza jinsi ya kukokotoa njia ya risasi, ya kombora na ya mpira udundao. Higinbotham alichagua mpira. Mwaka 1959 mchezo ulionyeshwa tena kwa kioo kikubwa zaidi, na mchezaji aliweza kuamua kama mpira uvutwe kwa nguvu ya mwezi au ya sayari kubwa ya Mshtarii. Kisha mitambo ikafunguliwa, vipuri vikapelekwa kwenye kazi nyingine, na mchezo ukatoweka. Mnamo 1997 tu, maabara ilipokuwa ikiadhimisha miaka 50 ya kuundwa kwake, ndipo mafundi walipoufufua kwa kuifuata michoro ya zamani.

Kisa hiki kinabeba historia nzima ya michezo ya video kwa ufupi: mchezo hupendwa upesi, na hutoweka upesi vilevile. Leo wako watu wazima wengi, katika nchi mbalimbali, wanaoirudia michezo waliyoicheza utotoni. Huitafuta mashine ya zamani, huifuta vumbi, huicheza tena, kisha huitolea hukumu. Wengine huwacheka na kusema kwamba wanaulilia ujana wao tu. Wengine husema ya kale ni dhahabu. Hapana budi madai haya yapimwe, maana dhahabu nayo hupimwa kabla ya kununuliwa. Katika makala haya michezo minne inawekwa juu ya mizani, na kila mmoja unaulizwa maswali mawili. Kwanza, ni nini hasa kilichoufanya uvutie? Pili, je, mtu asiye na kumbukumbu yoyote ya zamani hizo akiucheza leo, atauona bado ni mchezo?

WAVAMIZI WALIOKIMBIZWA NA UHABA

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo uitwao Space Invaders. Mtaalamu wake, Tomohiro Nishikado, aliubuni, akaandika programu yake, na hata kuunda mitambo ya kuuendesha. Mchezaji husukuma mzinga mdogo kushoto na kulia chini ya kioo, na kuwapiga wavamizi kutoka anga za juu wanaoteremka kwa safu. Wavamizi hao ni 55, safu 5 za 11 kila moja, na maumbo yao yameigwa kutoka kwa viumbe wa bahari: pweza, kaa na ngisi. Kioo chenyewe kilikuwa cha nyeusi na nyeupe; rangi zilipatikana kwa kubandika vipande vya karatasi angavu juu yake.

Siri ya mchezo huu imo katika udhaifu wa mashine yake. Ubongo wake ulikuwa chipu iitwayo Intel 8080, iliyofanya kazi kwa mapigo milioni 2 kwa sekunde. Kioo kilichorwa upya mara 60 kila sekunde, na katika kila mchoro mmoja programu ilimsogeza mvamizi mmoja tu. Basi wakiwa wote 55 hai, karibu sekunde nzima hupita kabla kila mmoja hajapiga hatua yake. Wakibaki 30, hupita nusu sekunde. Akibaki mmoja, zamu ni yake katika kila mchoro, naye hukimbia kama panya aliyeona mwanga. Hivyo, kadiri mchezaji anavyoshinda ndivyo mchezo unavyozidi kuwa mgumu. Nishikado alipoiona hali hiyo hakuiondoa. Aliifanya kuwa roho ya mchezo. Pamoja nayo aliweka mdundo wa sauti nne nzito unaorudiwa bila kukoma na kuharakishwa kila wavamizi wanapopungua, mfano wa moyo wa mtu mwenye hofu.

Ukichezwa leo, mwanzo wake huonekana mzito, na mandhari hayabadiliki. Atakayetafuta hadithi hataipata. Lakini wavamizi wanapobaki watano, vidole vya mchezaji mgeni hukaza kama vilivyokaza vya wachezaji wa 1978. Hofu hiyo haitokani na kumbukumbu, inatokana na hesabu. Mchezo huu unapita mtihani.

VIZUKA VINNE NA TABIA ZAO

Miaka miwili baadaye, mwezi wa Mei 1980, kampuni ya Namco iliweka katika mtaa wa Shibuya mjini Tokyo mashine ya mchezo mpya wa Toru Iwatani, ambao dunia ilikuja kuufahamu kwa jina la Pac-Man. Iwatani alitaka mchezo usio wa kuua, utakaowavutia pia wanawake katika kumbi ambazo wakati huo zilijaa wanaume. Akabuni duara la manjano lenye mdomo, linalopita katika mzingile wa njia zilizopindana, likila nukta 240 ndogo na 4 kubwa, huku likifukuzwa na vizuka vinne.

Mchezaji wa kwanza hudhani kwamba vizuka hivyo vinazurura ovyo. Sivyo. Kila kimoja kina kanuni yake. Chekundu hulenga mahali mchezaji alipo. Cha waridi hulenga nafasi nne mbele yake, hivyo humkingia njia. Cha samawati hupima umbali baina ya chekundu na nafasi mbili mbele ya mchezaji, kisha hulenga umbali huo mara mbili. Ndiyo maana mwenendo wake ni mgumu kutabirika. Cha machungwa humfuata mchezaji akiwa mbali, lakini kikimkaribia kwa nafasi nane hubadili nia na kukimbilia pembeni. Kanuni nne hizi fupi, zikifanya kazi pamoja, hutoa mfano wa kundi la wawindaji wanaoelewana, ingawa hakuna kizuka hata kimoja kilichoamriwa kushirikiana na wenzake. Ni somo zuri kwa mwanafunzi wa sayansi: mwenendo wenye kutatanisha si lazima uwe na chanzo chenye kutatanisha.

Aidha, mchezo huu una mwisho ambao mbunifu wake hakuukusudia. Kompyuta yake iliihifadhi hesabu ya hatua katika nafasi moja ya kumbukumbu, iitwayo baiti, ambayo haiwezi kushika zaidi ya 255. Ni mfano wa mita ya gari inayohesabu mwendo: ikifika 99999, hatua moja zaidi huirudisha kwenye sifuri. Katika hatua ya 256, sehemu ya programu inayochora matunda chini ya kioo huongeza moja juu ya 255 na kupata sifuri. Ikiwa imepotoshwa hivyo, huchora alama 256 badala ya matunda yasiyozidi 7, na nusu nzima ya kulia ya mzingile hufunikwa na herufi na rangi zisizo na maana. Hapo nukta za kutosha hazipatikani tena, na safari hukoma.

Je, unapita mtihani? Unapita, tena kwa alama za juu kuliko wa kwanza. Mtoto wa leo hahitaji maelezo. Humpa mkono wenzo, na baada ya nusu dakika anaelewa. Dosari yake ni kwamba vizuka hufuata kanuni bila kubahatisha. Aliyekariri njia iliyo salama anaweza kuirudia siku zote, na hapo mchezo hugeuka kuwa kazi ya kukariri.

VIPANDE SABA KUTOKA MOSCOW

Mchezo wa tatu haukuzaliwa katika kampuni ya biashara. Mwaka 1984 Alexey Pajitnov, mtafiti katika kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Urusi ya Kisovieti mjini Moscow, aliuandika mchezo wa Tetris kwenye kompyuta iitwayo Elektronika 60. Mashine hiyo haikuweza kuchora picha. Ilijua herufi na alama za maandishi tu. Pajitnov akatumia mabano ya mraba kuwa matofali yake. Maumbo saba, kila moja la miraba minne, huteremka moja baada ya jingine ndani ya kisima chenye upana wa miraba 10. Mchezaji huyazungusha na kuyapanga. Msitari ukijaa hufutika, na kisima kikijaa mchezo umekwisha. Mwaka 1989 Tetris iliuzwa pamoja na mashine ndogo ya mkononi ya Nintendo, Game Boy, ikaenea ulimwenguni. Pajitnov mwenyewe hakuanza kupata haki ya malipo ya mchezo wake mpaka 1996.

Wanahisabati nao waliuchunguza. Mwaka 2002 watafiti watatu wa Marekani, Erik Demaine, Susan Hohenberger na David Liben-Nowell, walithibitisha kwamba hata mchezaji akipewa mapema orodha ya vipande vyote vitakavyoshuka, kutafuta mpangilio ulio bora ni tatizo la kundi lile ambalo hakuna njia ya haraka ijulikanayo ya kulitatua. Kwa hiyo ugumu anaouhisi mchezaji si ulegevu wa akili yake. Umo ndani ya mchezo.

Jambo lililotokea Desemba 2023 linajibu swali la pili vizuri kuliko maelezo yoyote. Kwa muda mrefu wachezaji wa toleo la Nintendo la 1989 waliamini kwamba hatua ya 29 ndiyo mwisho wa uwezo wa binadamu, maana hapo vipande huanguka kwa kasi kuliko kidole kinavyoweza kubonyeza. Kisha vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya mashine hiyo walibuni njia mpya ya kuishika na kuigonga, wakaipita hatua hiyo. Tarehe 21 Desemba, 2023, kijana wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 13 alifika hatua ya 157, na baada ya mchezo wa dakika 38 hivi mashine ikaganda. Katika hatua hizo za juu, kazi ya kujumlisha alama hurefuka hata hukatizwa kabla haijamalizika, na programu hupotea njia. Kabla yake ni programu ya kompyuta tu iliyowahi kuufikisha mchezo huo mahali hapo. Kijana huyo hakuwa na ujana wa kuukumbuka. Alikuwa bado ndani yake. Hakuna ushahidi mkubwa zaidi ya huo kwamba mchezo wa kale unaweza kusimama kwa miguu yake wenyewe.

BUNDUKI ILIYOPOFUKA

Mchezo wa nne unaleta huzuni kidogo. Duck Hunt, uliotolewa na Nintendo mwaka 1984, ulichezwa kwa bunduki ya plastiki. Bata waliruka juu ya kioo cha televisheni, na mchezaji akalenga na kufyatua. Wengi waliamini kwamba bunduki ilitoa miale. Kumbe haikutoa kitu, ilipokea. Mdomoni mwake mlikuwa na jicho la elektroniki. Mchezaji alipofyatua, kioo kizima kiligeuka cheusi kwa kitambo kidogo, kisha mraba mweupe ukatokea mahali bata alipokuwa. Jicho likiona giza, kisha mwanga, basi bata amepigwa. Yote hayo yalikwisha katika sehemu ndogo ya sekunde.

Hila hii ilitegemea televisheni za kale, zile ambazo watu wengi huziita za chogo. Ndani yake boriti ya elektroni ilichora picha msitari kwa msitari, mara tu ishara ilipowasili. Televisheni za kisasa, zilizo bapa, huipokea picha, huihifadhi na kuitengeneza kwanza, ndipo huionyesha. Ucheleweshaji huo ni mdogo hata jicho la binadamu halitambui, lakini jicho la bunduki halingoji. Mraba mweupe unapotokea, programu imekwisha kuamua kwamba mchezaji amekosa. Hivyo mtu anaweza kuwa na kaseti nzima, mashine nzima na bunduki nzima, na bado asimpate bata hata mmoja.

Katika mizani, mchezo huu hauwezi hata kupimwa bila kifaa ambacho viwanda vimekwisha kuacha kukitengeneza kwa matumizi ya nyumbani. Ukichezwa juu ya kioo chake halisi, furaha yake hubaki ileile kwa robo saa, kisha hupungua, kwa kuwa bata hawana mengi ya kufanya ila kuruka na kuanguka. Lakini hukumu hiyo yenyewe inahitaji televisheni inayofanya kazi.

KUMBUKUMBU INAYOFUTIKA

Hapa ndipo hamu ya zamani inapogeuka kuwa suala la sayansi. Mchezo wa video si wazo tu. Ni umeme uliotunzwa ndani ya vitu, na vitu huchakaa. Baadhi ya chipu zilizotumika kuhifadhi programu hushikilia habari kwa chaji ndogo ya umeme iliyozuiliwa ndani ya silikoni, na chaji hiyo huvuja polepole kadiri miaka inavyopita. Betri zilizobandikwa juu ya bodi hutoa majimaji yanayokula nyaya. Kampuni ya Capcom, ili kuzuia wizi wa programu, iliunda mwaka 1993 mfumo uitwao CP System II, ambamo ufunguo wa kuifumbua programu ulitunzwa kwa nguvu ya betri. Betri ikiisha, ufunguo hupotea na mashine hukataa kuwaka.

Mbali na kuchakaa, liko suala la upatikanaji. Mwaka 2023 uchunguzi wa taasisi ya Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya kale iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haikuwa ikiuzwa tena kwa njia yoyote. Atakaye kuicheza hana budi aipate mashine ya zamani, asafiri mpaka penye hazina ya kumbukumbu, au atumie nakala ambayo mara nyingi sheria haimruhusu.

Juhudi za kuiokoa zipo. Mwaka 1997 Mtaliano Nicola Salmoria alianzisha programu iitwayo MAME, ambayo huifanya kompyuta ya kawaida kujigeuza mfano wa mashine za kale, chipu kwa chipu, hata makosa yake. Ni muhimu kwamba makosa yaigwe, maana bila hesabu ya baiti kufurika hakuna hatua ya 256, na bila uvivu wa chipu ya 8080 wavamizi hawakimbii. Mwaka 2012 Jumba la Sanaa za Kisasa la New York liliingiza michezo 14 katika hazina yake, Pac-Man na Tetris ikiwemo.

SOMO LA BAO

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki anaweza kulielewa jambo hili kwa kutazama bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na limechezwa kwa vizazi vingi bila kampuni, bila betri na bila kioo. Ubao ukiliwa na mchwa, seremala huchonga mwingine. Asipokuwapo seremala, wachezaji huchimba mashimo mchangani. Mchezo haukai ndani ya ubao. Unakaa vichwani mwa wazee, nao huuhamishia vichwani mwa vijana. Hatari yake ni moja tu: kijana akikosa kuketi karibu na mzee.

Kwa kipimo hicho, michezo minne iliyopimwa hapa haiko sawa. Tetris ndiyo iliyo karibu zaidi na bao. Kanuni zake zaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja, na mwanafunzi wa kompyuta anaweza kuiunda upya juu ya mashine yoyote, kama Pajitnov alivyoiunda kwa mabano. Pac-Man na Space Invaders zimesimama katikati: kanuni zaweza kuandikwa, lakini sehemu ya ladha imo katika udhaifu wa chipu maalumu, na atakayeziiga hana budi aujue udhaifu huo. Duck Hunt imefungwa kabisa ndani ya mashine yake, na kioo cha mwisho cha chogo kikizimika, itabaki hadithi ya kusimuliwa.

Basi je, ya kale ni dhahabu? Baadhi ni dhahabu, na sababu si ujana wa anayeikumbuka. Ni kwa kuwa wabunifu wale, wakiwa na kumbukumbu ndogo kuliko inayohitajika leo kuhifadhi picha moja, walilazimika kutafuta kanuni chache zenye nguvu. Lakini wanaoulilia ujana wao wasidharauliwe. Wao ndio waliozitunza mashine kabatini wakati wenzao walipozitupa, na wengi wao wanakumbuka mambo ambayo hayakuandikwa popote.

Kwa hiyo mwenye mashine ya namna hiyo nyumbani anaweza kufanya mambo machache yenye faida. Betri za kubadilishwa zitolewe kabla hazijavuja. Kaseti ziwekwe mahali pakavu, mbali na jua. Vijitabu vya maelekezo visitupwe. Televisheni ya chogo inayofanya kazi bado isiuzwe kama chuma chakavu, wala isifunguliwe na asiye fundi, maana ndani yake hubaki umeme mkali hata baada ya kuzimwa. Hatimaye, mwenye mashine amwite mtoto wa jirani, amkabidhi wenzo, asimweleze lolote, kisha atazame kama mtoto huyo ataomba kurudia.